ULIZA FUNDI: Geti Linagoma, Mota Inasingiziwa

Barua za safari hii karibu zote ni za mageti ya umeme na wala sishangai, mana Kusi ishaanza kuvuma na ikivuma tu mageti ya upande wa mashariki yote yanaanza kuumwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inawahusu wengi, hata nyie ambao hamjaandika.

Assalaam alaykum fundi. Nipo Jambiani, geti langu ni la reli, la kwenda pembeni. Siku hizi linafunguka mpaka nusu linasita, alafu linarudi lenyewe. Asubuhi ndo balaa, mchana afadhali kidogo. Fundi wa kwanza kasema mota imekufa, wa pili kasema bodi. Mota mpya ni pesa nyingi na mie nataka nijue ukweli kabla sijatoa. Nifanyeje?
*Bi Mwenye Geti, Jambiani*

Waalaykum salaam Bi. Usitoe hata shilingi kwanza. Chukua ule ufunguo wa mota uliopewa siku ya kufungiwa, fungua kile kilango kidogo cha kuachia gia, achia, alafu lisukume geti kwa mkono. Geti zima, hata lile zito la chuma, gia ikishaachiwa mtu mmoja analipeleka mpaka mwisho bila kukunja uso. Kama wewe unasukuma na huku mguu umeukita chini basi mota haina kosa lolote, inasingiziwa tu.

Sababu ni kwamba bodi nyingi, yani ile sahani ya umeme inayoiamrisha mota, zina kipimo cha nguvu. Mota ikivuta umeme kupita pale palipowekwa, bodi inadhani kuna gari au mtoto njiani, kwa hiyo inasimamisha na kurudisha. Ndo hiyo tabia uliyoniandikia. Sasa kuna mafundi wakiona hivo wanapandisha kipimo cha nguvu mpaka mwisho, geti linafunga kweli na wewe unafurahi unamlipa, lakini geti hilo sasa likimkuta mtoto halisimami. Hilo msikubali kabisa, na mkiona fundi anataka kulifanya mwambieni aache kama lilivyo.

Kwa nini asubuhi? Chumvi ya upepo ikishatua juu ya chuma haikai kimya. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 ile chumvi inaanza kuvuta maji yenyewe kutoka hewani, na huku kwetu usiku mpaka alfajiri unyevu unapita hapo mara nyingi tu. Yani chuma chako kinalala kimelowa maji ya chumvi hata kama mvua haijatia tone. Jua likipanda kinakauka, geti linakuwa jepesi kidogo, fundi akija saa sita anakwambia mbona linafanya kazi.

Basi nenda kwenye magurudumu ya chini. Hapo uwe na watu wawili watatu na magogo ya kuegemezea, mana geti la reli likitoka kwenye njia yake linaanguka na likianguka linaua. Gurudumu likishatoka lizungushe kwa kidole, ukisikia linakwaruza au linagoma nusu njia, beringi imekwisha. Ukinunua nyengine soma maandishi ya pembeni, chukua zilizoandikwa 2RS ambazo zina mpira pande zote mbili. Zile za ZZ zina kifuniko cha bati tu na maji yanapita, ndo wengi wanazofungiwa kwa sababu ni rahisi, na ndo zinazokufa mapema ufukweni.

Ukiwa hapo hapo angalia yale meno yaliyofungwa kwenye geti yanavokutana na gia ya mota. Iwepo nafasi ya milimita 1 mpaka 2. Magurudumu yakilika geti linashuka, meno yanailalia gia, uzito wote unakwenda kwenye shafti ya mota, na hapo sasa mota itakufa kweli. Na reli ya chini usipake grisi, hata ukiambiwa na nani. Ule mchanga wenu mweupe mwembamba ukishika grisi unageuka msasa. Reli inafagiwa, basi. Kuosha ni vizuri lakini kwa maji baridi, sio ya kisima cha chumvi chumvi, na visima vingi vya karibu na bahari viko hivo, mtu anaosha geti kila Ijumaa kwa bidii kumbe analimwagia chumvi nyengine.

Sasa tuseme umelisukuma na ni jepesi kabisa. Hapo ndo tunamfungua mota. Zima umeme kwenye swichi kubwa, chomoa na betri, usisahau betri, alafu toa kifuniko uangalie kwa tochi. Utakayoyakuta mimi naweza kukutajia nikiwa nimekaa hapa: sisimizi, vinyesi vya mjusi, pengine mjusi kafiri mwenyewe kakauka juu ya bodi, mguu mmoja kwenye waya huu na mkia kwenye ule, na pembeni ya skrubu za waya kutu ya kijani. Hiyo kijani ndo shaba inayoliwa. Waya wenye hiyo kitu usiurudishe, ukate, menya, na kama shaba ndani imekuwa nyeusi endelea kukata mpaka ukute shaba inayong'aa.

Bodi yenyewe watu wengi wanaisafisha kwa spiriti peke yake na wanaona wamemaliza. Spiriti inatoa mafuta na uchafu, chumvi haitoi, mana chumvi haiyeyuki kwenye spiriti, inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo anza na maji yaliyotolewa chumvi na madini yote, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, na hakikisha ni maji sio asidi mana dukani zote wanaziita maji ya betri. Brashi laini ya meno, polepole, alafu ndo spiriti ya kuyafukuza maji, alafu iache kivulini penye feni mpaka ikauke khasa, siku nzima ikibidi. Ikishakauka fundi anaweza kuipulizia vanishi ya bodi, lakini afunike kwanza soketi na sehemu za skrubu mana vanishi ikiingia humo umeme haupiti.

Mwisho kabisa ni kuziba. Tundu la chini ambalo waya zinaingilia ndo mlango wa mjusi, lizibe. Lakini sio kwa silikoni yoyote. Ile inayonuka siki ikiwa mbichi inatoa mvuke wa asidi na unakula shaba, ndani ya boksi lililofungwa ndo unatengeneza maradhi mengine. Tafuta isiyonuka siki. Na usilizibe boksi likawa kama chupa, acha kitundu kidogo chini kabisa chenye wavu, mana boksi linapata moto mchana na kupoa usiku na hewa ya unyevu itaingia tu, bora maji yapate pa kutokea.

Fundi habari za kazi. Geti langu la Mbweni asubuhi zima, mchana zima, nikirudi kazini saa kumi na moja na nusu linafunguka ila halifungi. Nabonyeza rimoti mpaka dole linauma. Baada ya magharibi linafunga lenyewe bila tatizo. Majirani wanasema lina jini, mke wangu kashaanza kuamini.
*Mchovu wa Rimoti, Mbweni*

Mwambie shemeji jini ni jua. Yale macho mawili yaliyopo pembeni ya geti, fotoseli, moja linatuma mwanga usioonekana na jengine linapokea. Mwanga ukikatika bodi inajua kuna kitu njiani, na nyingi zimepangwa zisifunge ila kufungua zinaruhusu, ndo mana lako linafunguka tu. Mbweni yenu ya Unguja bahari ipo magharibi, jua la jioni linaingia chini chini, na ninavoona jicho lako la kupokea linaangalia huko huko. Linapigwa na jua linakuwa kipofu mpaka jua lizame.

Badilisha, linalotuma liende upande wa linalopokea na linalopokea lije huku, ili la kupokea liwe limelipa mgongo jua. Waya zake sio sawa, kwa hiyo aliyefunga awe anajua, lakini ni kazi ya asubuhi moja. Wenye nyumba za mashariki, Matemwe mpaka Makunduchi, nyie yatawakuta hayo hayo ila asubuhi jua likichomoza. Kabla ya yote lakini lifute jicho kwa kitambaa chenye maji baridi, mana chumvi inaweka ukungu juu ya kioo na buibui anapenda sana kutanda hapo, na kuna watu washanunua fotoseli mpya kwa sababu ya buibui.

Salaam. Nilimwambia aliyenifungia geti anitilie bolti zote za stenlesi kwa sababu tupo Nungwi karibu na maji. Zimetiwa, na sasa hivi zina madoa ya kutu ya hudhurungi, na pale zilipofungwa kwenye chuma cha gavanaizi pameanza kubabuka. Nimeuziwa feki?
*Msomaji, Nungwi*

Sio lazima iwe feki ndugu yangu. Stenlesi ziko aina nyingi na dukani mara nyingi unapewa 304, ambayo jikoni ni nzuri ila ufukweni inapata madoa. Ya baharini ni 316, hiyo imetiwa molibdenamu kama asilimia 2 mpaka 3 na ndo inayohimili chumvi. Bolti nyingi zina alama kichwani, A2 ni kundi la 304 na A4 ni kundi la 316. Tafuta A4. Kuna wanaopima kwa sumaku, sumaku haitakwambia kitu hapo, hizo mbili zote haishiki au inashika kwa mbali sana.

Kubabuka ni jambo jengine. Metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakawa katikati, moja inaliwa kwa niaba ya nyengine, na hapo kinacholiwa ni ile zinki ya gavanaizi. Weka washa za plastiki na kipande cha mpira katikati, zisigusane. Kingo zilizokwisha kubabuka piga brashi ya waya mpaka chuma cheupe, osha, kausha, paka praima ya zinki siku hiyo hiyo, usiache mpaka kesho mana kesho itakuwa ishaota kutu mpya. Na kama kuna mahali welda kachomelea juu ya gavanaizi, hapo zinki ishaungua na geti lipo uchi, papake napo. Alafu mwambie huyo welda akichomelea gavanaizi akae upande upepo unapotoka, ule moshi mweupe unatia homa.

Shikamoo fundi. Tupo Wete. Geti letu ni la milango miwili ya kufunguka kwa mikono ya umeme. Umeme ukikatika linakufa pale pale, na juzi gari ilikuwa ndani tukiwa na mgonjwa. Ufunguo wa dharura haukuzunguka kabisa. Betri ipo ndani lakini tunaambiwa nzima.
*Binti wa Wete*

Marahaba mwanangu, na mgonjwa Mungu amuafu. Umeme Pemba tangu uje ule waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010 umetulia kuliko enzi za majenereta, lakini kukatika hakujaisha na geti lazima liwe na njia yake ya pili.

Aliyesema betri nzima kaipimaje? Hizo mara nyingi ni mbili ndogo za volti 12 ampea 7, zimeungwa zinatoa 24. Betri iliyochoka ukiipima imekaa tu inaweza kukuonesha 12 na kitu, ukiipa kazi inaanguka. Zimeni umeme makusudi mchana, fungueni na kufunga geti kama mara nne hivi huku mita ipo kwenye betri moja moja. Itakayoshuka chini ya 11 mota ikiwa inavuta, imekwisha. Badilisheni zote mbili pamoja, mkichanganya mpya na ya zamani ile kongwe inaimaliza mpya. Na boksi la betri kama linapigwa jua la mchana liwekeeni kivuli cha bati, joto ndo linaloziua, kila nyuzi 10 juu ya 25 umri unakatika karibu nusu.

Ufunguo ndo jambo lililoniuma zaidi kwenye barua yako. Kile kitasa kidogo cha kuachia mkono kinaangalia nje, kinakula chumvi na mvua zote za Masika na hakuna anayekigusa mpaka siku ya shida. Msimimine mafuta ya kupikia wala ya cherehani, yatashika vumbi yagande. Kipulizieni dawa ya kulegeza kutu, kiacheni kidogo, zungusheni ufunguo taratibu kwenda na kurudi bila kulazimisha mana ukikatikia ndani ni kazi nyengine. Kikishalegea tieni unga wa grafaiti, hata ule wa kukwangua ncha ya penseli unafaa, alafu kifunikeni kwa kipande cha mpira wa tyubu. Kila mwezi mmoja wenu aende akaachie mikono yote miwili, afungue milango kwa mkono, arudishe. Na ufunguo wenyewe uning'inizwe ndani ya nyumba pale kila mtu anapopaona, sio kwenye droo ya baba ambaye akisafiri kwenda Unguja anaondoka nao.