Pembe Isiyofagiliwa: Kabla Hamjatengeneza Bustani ya Ndege na Nyuki Shuleni

Shule nyingi hapa Tabora huanza siku kwa fagio. Kabla ya kengele ya mstarini watoto wameshafagia uwanja mzima, udongo umebaki na michirizi ya chelewa, na majani ya mwembe yamerundikwa yanafuka moshi. Nami nilisoma hivyo, na fahari ya uwanja safi naijua. Kwa hiyo mwalimu yeyote atanielewa nikisema kwamba kuchimba mashimo hakukutusumbua kama tulivyosumbuka kukubaliana kuwa pembe moja ya shule haitafagiliwa tena.

Tulikuwa watu kama 40, wazazi, walimu na vijana wa mtaani, Jumamosi moja ya mwishoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshalainisha ardhi. Watoto wa klabu ya mazingira walitaka kipande cha nyuma ya madarasa, kama hatua 20 kwa 15, kiwe makazi ya vipepeo, ndege, vyura na nyuki. Siku yenyewe ilikwenda vizuri. Yaliyotangulia na yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo.

Jambo la kwanza, iteni wazazi kwanza, majembe baadaye. Katika kikao chetu mama mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, mnataka kuwafugia watoto wetu nyoka?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kifutu hulala kwenye majani makavu, rangi yake ikafanana nayo, na mtu akikaribia hakimbii. Ndiyo maana hukanyagwa. Msimjibu mzazi kama huyo kwa maneno matupu. Tulikubaliana bustani ikae mbali na madarasa na vyoo, rundo la magogo liwe upande wa mwisho kabisa, na njia pana izunguke bustani na kuikata katikati, ifagiliwe kila siku. Mtoto asiingie pekupeku, asiingize mkono kwenye magogo, wala asitupe mabaki ya chakula pale, kwa sababu panya akija, nyoka humfuata. Baada ya hapo mama yule ndiye aliyesimamia upimaji wa njia.

Kinyonga naye alihitaji utetezi. Watoto wengi wamefundishwa kumpiga mawe, na wapo watu wazima wanaoamini kwamba ana sumu. Hana. Anakula wadudu, basi.

Sasa nyuki. Huu ni mkoa wa asali, na mzee mmoja mfugaji alikuja na mzinga wa gogo kama zawadi. Moyo wake ulikuwa mweupe, lakini tulimwomba asiutundike, na ninawashauri nanyi mkatae hata mzinga mtupu, maana kundi linaweza kuhamia humo lenyewe. Nyuki wa asali wakichokozwa hushambulia kwa wingi, na mpira wa watoto hautabiriki. Mzee alitafakari, akakubali, kisha akatufundisha jambo ambalo wengi wetu hatukulijua: wapo nyuki wengi wasioishi kwenye mzinga. Jike hutaga peke yake, ama katika tundu alilochimba kwenye udongo mtupu, ama ndani ya bua lenye uwazi. Hana asali ya kulinda, na ni nadra amuume mtu. Alikata matete, kila kipande kikiwa kimezibwa na fundo upande mmoja, akayafunga kama kuni na kuyaning'iniza mahali pasiponyeshewa, matundu yakielekea jua la asubuhi. Tukaacha pia kipande cha udongo mtupu kwenye mteremko, bila nyasi. Haikutugharimu hata shilingi.

Kwenye mimea ndipo watu wa kujitolea wanapokosea, kwa sababu kila mtu huja na kile alichonacho nyumbani. Tuliletewa lantana, maua mazuri ya rangirangi, tukayarudisha: huo ni mmea wa kigeni unaosambaa na kuziba mimea ya asili. Pandeni mshubiri. Huvumilia kiangazi, na ukichanua, ndege chozi huja kunyonya utamu wa maua yake. Pandeni mlimau hata mmoja, kisha, tafadhali, msiupulizie dawa. Mtaona kwenye majani vitu kama vinyesi vya ndege. Hao ni viwavi wachanga wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Wakikua hugeuka kijani, na ukimgusa mmoja hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Darasa zima lilikaa kimya kumtazama. Majani yaliyoliwa ndiyo kazi ya mti huo. Watu wazima wanahitaji kuambiwa hivyo zaidi ya watoto.

Tulipanda pia mkwaju na mininga. Kuhusu mninga, sikilizeni vizuri. Mche wake hukauka juu kiangazi kikifika, ukaonekana umekufa, kumbe mzizi uko hai. Unaweza kurudia hivyo miaka kadhaa kabla haujasimama kuwa mti. Sisi tuling'oa miwili kwa kutojua. Wekeni kijiti chenye rangi kando ya kila mche ili asiwepo mwenye haraka kama sisi.

Maji ya ndege yawe kwenye beseni la kina kifupi lenye jiwe katikati, na yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili, viluwiluwi vya mbu visipate nafasi ya kukua. Miche yenyewe iliishi kwa vidumu: kila mtoto wa zamu alileta kimoja asubuhi, akajaza chupa iliyotobolewa na kufukiwa kando ya shina. Majani ya mwembe hayachomwi tena, ndiyo matandazo.

Uzio tuliudharau. Shule ilifungwa Desemba na mbuzi wakaingia wiki hiyo hiyo. Tumieni matawi ya miiba. Mkitaka minyaa, wakate watu wazima, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Na ratiba ya likizo, Juni na Desemba, iandikwe majina ya familia zinazoishi jirani, sio "kamati".

Mwaka wa pili alikuja mwalimu mgeni, akashika zamu, akaona magugu nyuma ya madarasa na kuagiza yafyekwe. Ilichukua nusu saa. Sikumlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia, wala hapakuwa na kibao. Watoto wa darasa la tano walilia. Siku ile ile waliomba ubao na rangi, wakaandika HAPA HATUFAGII, na mwalimu mkuu akaiingiza bustani kwenye mwongozo anaosomewa kila mwalimu wa zamu. Afadhali mngefanya hayo mawili kabla ya kupanda mche wa kwanza.

Mwalimu yule mgeni sasa ndiye mlezi wa klabu. Mvua zilipokaribia alinipigia simu kunieleza kwamba mininga mitatu imechipua.