Silipwi, Nalipa: Majibu kwa Ukoo Kuhusu Ile Jezi

Tangu picha yangu nikiwa na jezi nyekundu ya timu yangu ya softboli izunguke kwenye kundi la ukoo, maswali yamekuwa mengi kuliko salamu. Binamu wa Kihonda anataka kujua klabu inanilipa kiasi gani kwa wiki. Mjomba anauliza kama kuna nafasi ya kijana wake, eti ni winga mwenye mbio. Shangazi yeye hakuuliza, alisema: siku bibi anazikwa kule Mgeta, mimi nilikuwa Chicago nacheka na gongo la kupigia mpira mkononi, tena nimevaa jezi yenye jina la baa. Nitajibu yote. La shangazi nitalijibu kwa heshima yake yote, ila sitalizungukazunguka.

Tuanze na pesa, maana ndiyo iliyowakosesha wengi usingizi. Silipwi hata senti. Nalipa mimi. Ada ya ligi tunaichanga kabla msimu haujaanza, na kila siku ya mechi tunatoa tena hela mkononi za kumlipa refa. Mnazijua timu za mchangani, zile za ndondo? Basi ni hizo hizo, isipokuwa huku hata mbuzi wa bingwa hakuna. Bingwa anapewa fulana. Jezi zilinunuliwa na baa iliyo jirani na uwanja, ndiyo maana jina lake liko mgongoni, na masharti yao ni kwamba baada ya mechi twende tukakae kwao. Mimi nakunywa soda ya tangawizi, shangazi. Bei yake usiniulize, lakini ndiyo ninayokunywa.

Mchezo wenyewe unaitwa softboli, ndugu yake besiboli. Kwenye aina tunayocheza, mrushaji anaurusha mpira polepole kwa chini ya mkono, upande juu kisha ushuke. Mpigaji anaupiga kwa gongo halafu anakimbia kuzunguka vituo. Ukirudi salama nyumbani ulikoanzia, timu yako ina pointi. Wanaozuia uwanjani ni kumi, na kila timu inapiga zamu saba. Kwa aliyecheza raundas au rede utotoni, nusu ya mambo haya anayajua tayari.

Ila Chicago wana softboli yao, na ndiyo iliyonipa mimi nafasi. Kwingine Marekani mpira ni mdogo na wachezaji wanavaa glavu kubwa za ngozi. Hapa mpira una inchi 16 kuuzunguka, yaani karibu sentimita 41, ukubwa wa balungi, na unadakwa kwa mikono mitupu. Ukiwa mpya ni mgumu hasa. Kadiri unavyopigwa unalainika, na kufikia mwisho wa mechi hata mwenye nguvu akiupiga hauendi mbali. Wanasema softboli ilizaliwa katika jiji hili hili, Novemba 1887, ndani ya jumba la klabu ya wapiga makasia iitwayo Farragut. Vijana walikuwa wakisubiri matokeo ya mechi ya vyuo vya Harvard na Yale, ndipo mmoja wao, George Hancock, akafunga glavu ya ndondi ikawa mpira, wakaanza kuipiga kwa fimbo. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, mchezo usiohitaji glavu ulienea kwenye mitaa ya watu wasio na kitu, kwa kuwa mpira mmoja uliwatosha wote. Watu wa hapa wanauonea wivu mchezo wao. Mwaka 1977 mwandishi wa magazeti Mike Royko aliishtaki mamlaka ya bustani za jiji kwa kuruhusu glavu kwenye ligi ya Grant Park, na akashinda. Niliposimuliwa kisa hicho nilicheka, nikisema hawa wana muda. Sasa hivi mtu akija na glavu na mimi nanuna.

Mimi niliingizwa kwa sababu walipungukiwa mwanamke. Ligi yetu ni ya mchanganyiko, na wanawake wakipungua uwanjani timu inaadhibiwa. Kazi yangu mnaijua: nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani. Nesi mmoja Mfilipino, kapteni wa timu, alinikuta koridoni nikidaka kopo la plastiki lililotupwa na mzee mmoja mwenye hasira, akaniuliza kama nimewahi kucheza. Nikamwambia netiboli, shule ya sekondari, mlinda goli. Akaniandika palepale bila kuuliza zaidi. Mikono ya netiboli, nawaambia, inafaa mpira huu kuliko mikono ya Wamarekani wengi waliokulia kwenye glavu.

Timu ilikuwa ya watu wa kazini na watu wao. Kulikuwa na Mmeksiko wa jikoni na mdogo wake, mama wa Kipolandi wa mapokezi ambaye mbio hana lakini hakosi mpira, vijana wawili weusi wa upande wa kusini wa jiji waliozaliwa ndani ya mchezo huu, na ndugu yetu mmoja wa Uvira, kule Kongo, anayefanya kazi ya kufua. Huyu na mimi tulikuwa tunapangana uwanjani kwa Kiswahili, wapinzani wasielewe. Yeye anapiga kelele, "Banakuya, yaya, banakuya!" yaani wanakuja, dada, mimi najua mtu ananijia kwa nyuma. Refa alitaka kutukataza, hakukuta sheria inayosema hivyo.

Mei ilikuwa mateso. Mnaposikia msimu wa kiangazi mnadhani ni joto. Mei usiku, upepo ukitoka Ziwa Michigan, vidole vinakufa ganzi, na mpira mgumu ukitua kwenye kidole chenye ganzi ni bora ubanwe na mlango. Tulifungwa mechi kwa mechi. Kuna sheria ya huruma: mkizidiwa pointi nyingi sana refa anasimamisha mchezo. Tulihurumiwa kiasi kwamba Mmeksiko wetu alianza kuuliza kama ada inarudishwa kwa dakika tusizocheza. Tukaburuza mkia.

Juni mambo yakageuka. Sikumbuki kama tulibadilisha kitu chochote cha maana. Joto lilikuja, mama wa Kipolandi akahamishiwa kuwa mrushaji, na kumbe mpira wake unapanda na kushuka kwa namna inayowavuruga wenye misuli. Mwishoni mwa Juni jua la huku linazama karibu saa mbili na nusu usiku. Unatoka kazini umechoka, unakuta bado mchana, watu wako bustanini, watoto wanakimbia, mtu anachoma nyama. Siku hizo, na hili sitawadanganya, niliipenda nchi hii. Tulishinda mfululizo hadi tukapanda katikati ya jedwali. Ndugu wa Uvira alipiga mpira ukaangukia upande wa pili wa uzio, akazunguka vituo akicheza kama yuko kwenye harusi yake.

Julai watu wakaanza kupotea. Huyu likizo, yule kabadilishiwa zamu, mwingine kapata kibarua cha pili na dola zinaita. Mkipungua idadi, mnapewa kushindwa bila kucheza na faini juu. Hapo ndipo utaelewa maisha ya huku. Kila mtu anawapenda wenzake, lakini zamu ya ziada ikitokea, upendo unasubiri. Simlaumu mtu. Na mimi niliwahi kuikosa mechi kwa sababu malipo ya siku ya sikukuu yalikuwa mara moja na nusu, na kuna ada ya shule ya mtu fulani kwenye kundi hili iliyolipwa na jioni ile.

Na ni Julai hiyo bibi alipoondoka.

Shangazi, sikiliza. Habari ilinifikia usiku wa huku, na mazishi yakapangwa kesho yake saa tisa alasiri. Hata kama tiketi ningepewa bure, safari ya kutoka hapa hadi Dar es Salaam inameza siku nzima na zaidi, bado hujapanda milima ya Mgeta. Nauli ya ghafla ya Julai ilizidi dola 2,000. Nilichokuwa nacho nilikituma kwako, na unajua kilifanya nini. Saa tisa yenu ni saa moja asubuhi yetu. Nilitazama mazishi kwenye simu, nimekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, mtandao unakatika kila wakati wa kuweka mashada. Kisha nikaingia zamu. Likizo ya msiba ya kazini kwetu ilikuwa ya mzazi, mwenza au mtoto. Bibi hakuwamo, na wao hawajui kwamba ndiye aliyenilea. Siku ile niliwaogesha wanawake wa umri wake mpaka saa tisa ya huku.

Jioni kulikuwa na mechi. Nyinyi huko mlikuwa mmelala msibani, jamvi moja, mnasimuliana vituko vyake, mnapishana kwenye masufuria. Mimi ningerudi kwenye chumba chenye kitanda na friji. Jirani yangu wa ukuta simjui jina. Nilikwenda uwanjani kwa kuwa pale nilikuwa na uhakika wa kukuta watu tisa wanaonijua. Kapteni alikuwa amewaambia. Walinipa bahasha, dola 180, mama wa Kipolandi alikuwa ameoka keki, na ndugu wa Uvira aliniomba nimtaje bibi jina lake, akasali kwa sauti wapinzani wakisubiri. Halafu tukacheza. Ile picha ilipigwa zamu ya nne, nilipoupiga mpira ukapita kati ya watu wawili waliogombana nani audake. Nilicheka, ni kweli. Bibi mwenyewe alicheka kwenye msiba wa babu mpaka akatolewa nje, wewe ndiye uliyetusimulia.

Sijutii kwenda. Ningejuta kubaki chumbani.

Baada ya hapo msimu ulikwenda kombokombo. Agosti mapema nilidaka mpira kwa ncha ya kidole cha kati, kikapinda mbele na kukataa kunyooka. Ni jeraha la kawaida la mchezo huu. Wakongwe wa Chicago wanakuonyesha vidole vyao kwa fahari. Bima ninayo, ya kazini, lakini bima za huku nyingi zinataka kwanza uchangie wewe kiasi fulani kwa mwaka ndipo zianze kubeba. Picha moja ya eksirei na kipande cha plastiki cha kufungia kidole vilizaa bili iliyozidi nilichotuma nyumbani mwezi ule. Ndiyo maana ya ule ukimya wangu wa Agosti, binamu, sikuwa nimekununia. Kazini nilipangiwa kazi nyepesi, na nyepesi maana yake saa chache, na saa chache maana yake unajua mwenyewe.

Katika ligi hizi karibu kila timu inaingia mtoano, hata iliyopumua kwa shida. Nilicheza kidole kimefungwa, nikawekwa mahali mpira haufiki sana. Mzunguko wa kwanza tulikutana na waliokuwa kileleni, ambao Mei walituhurumia. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kuelekea kwa mpigaji, wao wakapiga mipira mirefu ya majivuno, yote ikarudishwa hewani ikatua mikononi mwetu. Sisi tukapiga ya chini. Tuliwatoa kwa pointi moja. Kelele tulizopiga, mgeni angedhani tumechukua kombe. Mzunguko wa pili tulifungwa na timu ya walimu wa shule, wapole, wenye maji ya kutosha na mafuta ya kujipaka jua. Kwishnei.

Sasa sehemu isiyopigwa picha. Septemba kundi la timu kwenye simu lilikuwa bado linaongea. Oktoba vichekesho vikapungua. Novemba kimya. Hawa watu walioniimbia siku ya kuzaliwa na kunichangia msiba, kuanzia baridi ilipoingia nilionana nje ya kazi na wawili tu: ndugu wa Uvira, kwa kuwa mkewe akipika sombe, yaani kisamvu, ananiita, na mama wa Kipolandi, aliyekuja na supu nilipopata mafua. Wengine tukipishana koridoni tunagongesha ngumi, basi. Zamani lingeniumiza. Nimeshaona kwamba urafiki wa huku una mahali pake na saa yake. Ukiutaka nje ya hapo utaudai hadi uchoke. Ukiuchukua ulipo, ni wa kweli. Shangazi anauita baridi. Mimi nasema una ratiba, na ni afadhali kuliko miaka yangu miwili ya mwanzo ambayo sikuwa na hata ratiba.

Mjomba, kwa kijana wako: hakuna anayenunua winga kwenye ligi ya fulana. Na wewe binamu uliyekuwa ukijaza kila Oktoba bahati nasibu ya green card, kile kibali cha kuishi Marekani, ukija kushinda, viza ya uhamiaji kwa kawaida inakupa miezi isiyozidi sita ya kuingia nchini. Ukiweza kuchagua ndani ya miezi hiyo, usije Novemba kama nilivyokuja mimi. Utakuta jua linazama saa kumi na nusu jioni na kila mtu amejifungia kwake, utadhani mji mzima unakuchukia. Ingia Aprili au Mei, watu wakiwa wanatoka nje na timu zinatafuta wa kujaza nafasi. Usajili wetu unafungwa Machi lakini daima kuna anayejitoa. Kuhusu nauli usinitazame mimi. Ada ya msimu ujao nimeshalipa.