Chemchemi iko juu ya tenki: je, ramani inatosha kujua kama maji yatafika kwa mserereko?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji huku upande wa milima ya Poroto, Mbeya. Tumepata karatasi ya ramani ya 1:50,000, na tunataka kujua kama chemchemi yetu inaweza kuleta maji hadi tulipopanga kujenga tenki bila kutumia pampu. Kwenye ramani chemchemi iko kati ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) ya mita 1,820 na 1,840, na tenki liko kati ya 1,740 na 1,760. Katikati kuna bonde la kijito, halafu mgongo wa kilima. Mwenzangu anasema tofauti ni mita 80 na inatosha, tuagize mabomba. Tatizo lingine: tukichukua namba za GPS ya simu na kuziweka kwenye ramani, chemchemi inaangukia sehemu nyingine kabisa. Tuamini simu au ramani?

JIBU: Ndugu Katibu, salama. Nianze na swali lako la mwisho, maana kama nukta ya chemchemi imekaa pasipo pake, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Simu haijakosea na ramani haijakosea. Kila moja inahesabu kutoka msingi wake wa vipimo. Karatasi za 1:50,000 za Tanzania zimechorwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960. Simu, usipoielekeza vingine, hutumia WGS 84. Kwa maeneo yetu, mahali palepale kwenye WGS 84 hupata namba ya kaskazini iliyopungua kwa takriban mita 300 na namba ya mashariki iliyozidi kwa kama mita 80. Ukizihamishia namba hizo kwenye karatasi bila kuzibadilisha, nukta inaangukia milimita 6 kusini na milimita moja na nusu hivi mashariki ya ilipo kweli. Milimita 6 zinaonekana chache, lakini kwenye mteremko unaopanda mita 20 kwa kila mita 100, hizo mita 300 ni mita 60 za mwinuko. Ni kontua tatu nzima, na zinatosha kuukubali mradi usiofaa au kuuacha unaofaa.

Dawa yake ni nyepesi. Tumia programu ya simu inayokuruhusu kuchagua msingi wa vipimo, kisha weka Arc 1960, UTM (mfumo wa gridi unaohesabu kwa mita), kanda ya 36 Kusini. Kanda hiyo inaishia kwenye meridiani, yaani mstari wa longitudo, ya nyuzi 36 mashariki, inayopita mashariki ya mji wa Iringa. Mbeya, Rungwe, Makete na Njombe zote ziko ndani yake. Anayeteremka Udzungwa kuelekea Kilombero ndiye anayeingia kanda ya 37. Baada ya kuweka, jaribu kwanza kwenye kitu kisichohama na kilichochorwa kwenye ramani, kama makutano ya mito miwili. Nukta ikiangukia ndani ya milimita moja au mbili za pale inapotakiwa, endelea. Ikiwa bado iko mbali, usiisogeze kwa jicho. Rudi kwenye mipangilio.

Namba ya mwinuko inayotolewa na simu usiitumie kabisa kwa kazi hii. GPS ya simu hukosea zaidi kwenye wima kuliko kwenye mlalo, na baadhi ya simu hazipimi kutoka usawa wa bahari kama ramani inavyofanya.

Sasa kontua. Kabla ya kuhesabu lolote, soma ukingo wa karatasi: karatasi nyingi za skeli hii zina kontua kila mita 20, ila baadhi ya za zamani zimechorwa kila futi 50, ambazo ni mita 15 na kidogo. Wapo waliosoma futi wakadhani ni mita, na mlima ukawa mrefu mara tatu. Namba zako zinaruka kwa 20, kwa hiyo bila shaka una karatasi ya mita, na mstari mnene kila baada ya kontua tano ni mita 100. Hakikisha pia unatofautisha bonde na mgongo, kwa sababu vyote viwili huchorwa kwa kontua zilizopinda kama herufi V. Kwenye bonde ncha ya V inaelekea juu, kule maji yanakotoka. Kwenye mgongo inaelekea chini. Pasipo na mstari wa buluu wa kijito, soma namba za kontua mbili jirani ndipo uamue. Kwa Poroto na Rungwe kuna mtego wa ziada: ni nchi ya volkano, na kuna makreta, yaani mashimo ya volkano. Kontua zinazojifunga duara si lazima ziwe kilele. Pale Ngozi, ukishavuka ukingo, ardhi inashuka tena kuelekea ziwani.

Tuje kwenye zile mita 80 za mwenzako. Amechukua kontua ya chini ya chemchemi akatoa kontua ya chini ya tenki. Lakini nukta iliyo kati ya 1,820 na 1,840 inaweza kuwa popote ndani ya nafasi hiyo, na ya tenki vilevile. Tofauti halisi ni kitu fulani kati ya mita 60 na 100. Kwa kuangalia kama maji yatafika, siku zote chukua upande unaokuumiza: chemchemi 1,820, tenki 1,760, umebaki na mita 60. Na hata mstari wa kontua wenyewe una makosa yake. Kipimo kinachotumika sana kwa ramani za aina hii ni kwamba nukta tisa kati ya kumi ziwe sahihi ndani ya nusu ya nafasi ya kontua, yaani mita 10 juu au chini. Penye msitu mnene kosa linaweza kuzidi, maana kontua zilichorwa kwa picha za anga na mchoraji aliona vilele vya miti, si udongo.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mgongo uliotaja kwa kupita tu. Kulinganisha mwanzo na mwisho hakutoshi. Maji ya mserereko yanapoteza nguvu kwa msuguano kadiri yanavyosafiri, na kila mahali njiani ardhi lazima iwe chini ya nguvu iliyobaki. Ili kulijua hilo chora mkato, yaani sura ya ardhi ikitazamwa kutoka ubavuni, hivi:

Chora njia ya bomba kwa penseli kwenye ramani. Pitisha ukingo wa kipande cha karatasi juu yake, kidogo kidogo ukifuata mikunjo, na kila kontua inapokatwa weka alama na namba yake. Andika pia kijito, barabara na kilele cha mgongo. Hamishia alama hizo kwenye mstari wa chini wa karatasi ya grafu: sentimeta 2 ni kilometa 1, milimita 1 ni mita 50. Kwa wima tumia sentimeta 1 kwa mita 20. Mchoro utakuwa umevutwa juu mara 25, hivyo usishtuke milima ikionekana kama kuta. Unganisha nukta, na kati ya kontua mbili zenye namba ileile usichore mstari wa bapa. Kwenye mgongo pandisha kidogo, kwenye bonde shusha kidogo.

Halafu pima urefu. Sentimeta za ramani ni umbali wa mlalo tu. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kona na mabonde madogo ambayo ramani haiyaonyeshi. Tuseme njia yako ya moja kwa moja ina sentimeta 8.4. Hiyo ni kilometa 4.2, na ukiongeza asilimia 10 inakuwa kilometa 4.6. Mita 60 ukizigawa kwa 4.6 unapata mita 13 za kushuka kwa kila kilometa. Sasa chora mstari ulionyooka kutoka 1,820 kwenye chemchemi hadi 1,760 kwenye tenki. Kwa bomba la kipenyo kimoja, huo ndio mstari wa nguvu ya maji, yaani kimo ambacho maji yangeweza kupanda kila mahali njiani, pale mtiririko ukitumia mwinuko wote ulionao.

Kama mgongo uko kilometa 3 kutoka chemchemi, mstari huo hapo umeshuka hadi 1,781. Iwapo kilele cha mgongo kiko juu ya kontua ya 1,800, ardhi imeupita mstari kwa mita 19 au zaidi. Hapo hewa itakusanyika, bomba litavuta badala ya kusukuma, na mtiririko utapungua sana au kukata kabisa. Mtu atalaumu mabomba, wakati kosa liko kwenye njia.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka bomba la kipenyo kikubwa zaidi kutoka chemchemi hadi mgongoni ili msuguano upungue, lakini kwa mfano huu chemchemi yenyewe inaweza kuwa juu ya mgongo kwa mita chache tu, kwa hiyo siipendi. Ya pili ni kuzunguka. Fuata kontua ya 1,760 kuzunguka pua ya mgongo, yaani ncha yake inaposhukia, au tafuta tandiko, yaani pale kontua za vilele viwili zinapokaribiana na katikati pakabaki pa chini. Ikiwa njia itarefuka hadi kilometa 5.4 kwenye ramani, ongeza asilimia 10 upate karibu 6. Kushuka ni mita 10 kwa kilometa. Kwenye pua, tuseme kilometa 3.8 kutoka chemchemi, mstari uko 1,782 na ardhi 1,760: umebaki na mita 22. Mimi nataka nione angalau mita 10 kila mahali, na kwa kazi iliyofanywa kwa ramani peke yake nataka hizo 20.

Bonde nalo lina hesabu yake, na hapa upande unaokuumiza unageuka. Bomba linapasuka usiku, vali zikiwa zimefungwa na maji yametulia. Kwa hiyo chukua chemchemi kwenye kontua ya juu, 1,840, na kijito kwenye kontua ya chini. Ukivukia kati ya 1,680 na 1,700, hesabu 1,680. Tofauti ni mita 160, sawa na presha ya karibu baa 16. Bomba la plastiki la PN10 limejengwa kwa mita 100 hivi; hapo halifai. PN16 liko ukingoni kabisa mwa uwezo wake, hivyo kwa kipande cha bondeni ni salama zaidi kutumia bomba la chuma. Tangi la kupunguza presha ni suluhisho zuri kwingine, lakini kwako linakula mwinuko ambao unauhitaji mbele kwenye pua ya mgongo.

Kwa hiyo msiagize mabomba bado. Ramani imeshakuonyesha mahali pa kwenda kupima: chemchemi, pua ya mgongo, tenki, na sehemu ya chini kabisa ya kivuko cha kijito. Mwombe mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani apitishe mashine ya levo, ile ya kupima tofauti za mwinuko, kwenye njia ya kuzunguka, mkiwa na mkato wenu mkononi. Pua ya mgongo ipimwe kwanza kutoka chemchemi. Ikionekana iko chini ya chemchemi kwa mita 60 au zaidi, endeleeni hadi tenki. Ikiwa ni pungufu, shukeni kontua moja chini na mchore mkato upya kabla ya kusogea mbele.