Kabla ya kuiga Kanisa la Korea: ushauri kwa wachungaji wanaokwenda kusoma au wanaopokea wageni

Wachungaji vijana wanaojiandaa kwenda Korea Kusini kwa masomo ya theolojia, au wanaotarajia kupokea wamisionari wa Kikorea katika sharika zao, huniuliza mara kwa mara ni jambo gani la kuiga huko. Wengi tayari wana majibu yao: maombi ya alfajiri, vikundi vya nyumbani, makanisa makubwa yanayojaa ibada baada ya ibada. Nilisoma na kuabudu Seoul kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu ni kwamba wasianze na mbinu. Waanze kwa kuuliza Wakorea walielewa Kanisa kuwa ni nini, na utamaduni wao uliingia humo kwa mlango upi. Nionavyo mimi, utamaduni huo ulilifaa Kanisa pale ulipotoa vyombo vyake na kukubali kubadilishwa na Injili, na ulilidhuru pale ulipoachiwa uamue nani aketi mbele na nani aketi nyuma.

Historia yenyewe inasaidia kuliona jambo hili. Kanisa Katoliki nchini Korea halikuanzishwa na padri. Mwaka 1784 msomi Yi Seung-hun alibatizwa Beijing, akarudi nyumbani na kuwabatiza wenzake. Waumini hao walei wakachagua mapadri miongoni mwao, wakaanza kuadhimisha sakramenti. Baadaye walipata mashaka, wakamwandikia askofu wa Beijing, wakaambiwa hawana mamlaka hayo. Waliacha mara moja, wakakaa bila misa mpaka padri Mchina, Zhou Wenmo, alipoingia kwa siri mwishoni mwa 1794. Ninaposikia watu wakisema kuwa Kanisa lililozaliwa na wenyeji lazima lijitenge na Kanisa zima, huwakumbusha walei hao, ambao walikuwa huru kabisa kujiendesha lakini walikataa kuwa peke yao. Kwa Waprotestanti nako mwanzo ulifanana: John Ross, mmisionari Mskoti aliyekuwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa Uchina, alichapa Injili ya Luka kwa Kikorea mwaka 1882 akisaidiwa na Wakorea, na kulikuwa na waumini katika kijiji cha Sorae kabla wamisionari Underwood na Appenzeller kutoka Marekani hawajashuka bandari ya Incheon tarehe 5 Aprili 1885.

Mgongano mkubwa zaidi na utamaduni ulihusu wafu. Mwaka 1791 Mkatoliki Yun Ji-chung aliteketeza vibao vya kuwakumbuka mababu na kukataa kumfanyia marehemu mama yake tambiko la desturi ya Confucius, mwanafalsafa wa Kichina, akauawa katika mji wa Jeonju. Vatikani ililegeza katazo lake kuhusu heshima kwa mababu mwaka 1939, na Wakatoliki wengi wa Korea leo huwaheshimu wazazi waliokufa kwa desturi iliyorekebishwa. Waprotestanti walitafuta njia nyingine, yaani ibada ya kumbukumbu inayofanywa nyumbani siku ya kifo inaporudi. Nilialikwa kwenye ibada ya namna hiyo. Picha ya babu ilikuwa juu ya meza fupi, bila chakula mbele yake na bila mtu kuiinamia. Tuliimba wimbo, mwana mkubwa akasoma Maandiko, kisha kila mtoto wa marehemu akawaeleza wajukuu jambo moja aliloliona kwake. Baada ya sala ndipo chakula kikaletwa, kikaliwa na walio hai. Ninawashauri wachungaji wetu waitazame ibada hiyo kwa makini, kwa sababu sisi katika arobaini na matanga tumekuwa tukikataza bila kutoa kitu badala yake, ilhali Imani ya Mitume tunayoikiri kila Jumapili inasema tunaamini ushirika wa watakatifu.

Jambo la pili la kujifunza limo jikoni. Mwaka 1890 John Nevius, mmisionari wa Uchina, alifika Seoul na kuwashauri wamisionari wa Presbiteri kwamba Kanisa la wenyeji lijitegemee kwa fedha, lijiongoze na lijieneze lenyewe. Ushauri huo ungebaki kwenye karatasi kama wanawake hawangeutilia mchele. Mama alipopika, alichota kiasi kidogo cha mchele wa kila mlo na kuuweka kwenye chombo cha pembeni, na mwisho wa juma akaupeleka kanisani, ambako ulimlisha mhubiri na maskini. Walioshindwa kutoa fedha waliahidi siku, wakazitumia kwenda vijiji vya jirani kuhubiri. Hapo fundisho kwamba Kanisa ni mwili wenye viungo vingi lilifanyiwa kazi na watu ambao jamii yao haikuwahesabu.

Maombi ya alfajiri nayo yana mizizi ya aina hiyo. Kina mama wa Korea walikuwa na desturi ya kuweka bakuli la maji safi alfajiri na kuwaombea watoto wao, na mchungaji Gil Seon-ju wa Pyongyang alikuwa amezoea sala ndefu za dini za jadi kabla hajaongoka. Alipoanza kukusanya watu kanisani alfajiri, miaka ile ile ya uamsho mkubwa wa Pyongyang wa 1907, saa hiyo haikuwa ngeni kwao. Kwa hiyo anayerudi nyumbani na kutangaza ibada ya saa kumi na moja alfajiri bila kuuliza akina mama wa usharika wake wako wapi saa hiyo, amechukua ratiba tu.

Ukipata nafasi, toka Seoul uende Gimje kuona kanisa la Geumsan, lililojengwa mwaka 1908. Jengo ni la mbao na lina mikono miwili iliyokutana kwenye kona, ambako mhubiri alisimama. Wanaume walikaa mkono mmoja na wanawake mwingine, kama heshima ya wakati huo ilivyodai. Maandiko kwenye boriti ya upande wa wanaume ni ya herufi za Kichina za wasomi, na ya upande wa wanawake ni ya Kikorea. Mpaka hapo utamaduni umeshinda. Lakini waumini wa kanisa hilo walipomchagua mzee wa kanisa, walimwacha tajiri Jo Deok-sam na kumchagua Yi Ja-ik, mtunza farasi wa nyumba yake. Tajiri alikubali, akaketi kumsikiliza mtumishi wake akihubiri, kisha akamlipia masomo ya uchungaji. Yi baadaye aliongoza Mkutano Mkuu wa Presbiteri mara tatu.

Sasa niseme lisilopendeza. Katika sharika nyingi nilizozifahamu, ushemasi na uzee wa kanisa vimekuwa ngazi za kupandia. Mtu haitwi kwa jina, huitwa kwa cheo, na anayefikia umri fulani bila cheo huona aibu kuhudhuria. Mchungaji mkuu huwa kama baba wa ukoo, na baba wa ukoo hurithiwa na mwanawe. Ndiyo maana mwaka 2013 mojawapo ya madhehebu makubwa ya Presbiteri lilipitisha sheria ya kuzuia mchungaji kumwachia mtoto wake kanisa, na hata baada ya hapo mabishano hayakwisha. Sisi wenye machifu na wazee wa ukoo tusijifanye hatulijui gonjwa hili.

Kwa hiyo, ukienda huko, jiandikishe katika usharika mdogo ambako utajulikana, na uombe kuwekwa kwenye kikundi cha nyumbani cha mtaa wako. Pokea vitu kwa mikono miwili, muite mchungaji kwa cheo chake, baki kula baada ya ibada na usaidie kuosha vyombo, maana mengi ya maana husemwa huko. Nawe unayepokea wamisionari, wakileta michoro ya jengo waulize kwanza nani atachagua wazee, hati ya kiwanja itaandikwa jina la nani, na mshahara wa mwinjilisti utatoka wapi wao wakishaondoka. Watajie Nevius na mchele wa akina mama bila woga. Wanaijua historia hiyo kuliko sisi, na niliokaa nao mezani hawakukasirika kuulizwa. Waliomba orodha ya wazee wetu na bajeti ya usharika, tukaanza kuzungumza kutoka hapo.