Barua kwa mwanangu: hiyo elfu thelathini yako ya kila mwezi

Rau, Moshi

Mwanangu Neema,

Marahaba. Mama yako naye kaitikia, yuko uani anabishana na muuza maziwa. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, nikaona majibu yake hayawezi kutoshea kwenye simu. Acha nikuandikie.

Umesema hapo ofisini kwenu Dodoma mmekubaliana kila mmoja achangie kwa ajili ya watoto wenye saratani. Nusu yenu wanataka pesa iende kwenye utafiti, nusu wanataka apewe yule mtoto ambaye picha yake inazunguka WhatsApp, na wewe umebaki katikati na elfu thelathini yako kwa mwezi. Halafu ukamalizia, "Baba, kwani elfu thelathini inamfanyia nini mtoto mwenye kansa?"

Nianze na hilo la mwisho. Inamlipia teksi ya usiku.

Unamkumbuka yule mama kutoka Same aliyepanga kwetu chumba cha uani, ana mtoto wa miaka mitatu? Ulipokuja Krismasi ulimwona yule mtoto akikimbiza kuku, ukashangaa mbona hana nywele. Mama yake aligundua ugonjwa akimwogesha: ubavu mmoja wa tumbo una kitu kigumu, ukikibonyeza mtoto halii. Zahanati ya kwanza walisema minyoo, ya pili wakasema bandama. Alipopata rufaa na kupigwa picha, ikaonekana ni uvimbe wa figo, ule ambao madaktari wanauita Wilms. Matibabu yake yana mpangilio: kwanza dawa za dripu kwa wiki kadhaa ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji wa kutoa ile figo, halafu dawa tena kwa miezi.

Sasa hizo dawa zinaua chembe zinazozaliana haraka. Saratani inazaliana haraka, lakini na uboho unaotengeneza damu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana siku chache baada ya dozi chembe nyeupe hushuka, na mtoto anabaki bila askari. Homa ambayo wewe ulikuwa unapewa panadoli ukalala mpaka asubuhi, kwake yeye ni dharura. Akichelewa kuwekewa antibayotiki ya mshipa, vijidudu vinaweza kummaliza kabla ya saratani yenyewe. Wauguzi walimpa yule mama kipimajoto na amri moja: ikifika nyuzi 38, usisubiri kukuche.

Usiku mmoja akatugongea. Nilimkuta mlangoni kashika simu kwa meno, tochi yake ikimulika kioo cha kipimajoto, na mtoto mgongoni. Thelathini na nane nukta nne. Mvua ya masika inamwagika, bodaboda hapokei simu, na dereva wa teksi aliyekubali akasema wazi kwamba hatoki kitandani mpaka pesa iingie. Mama yako akaituma. Wakafika, mtoto akawekewa dripu usiku ule ule. Kutoka kwetu hadi hospitali ya KCMC ni pua na mdomo. Mfikirie sasa yule aliyeko Same kwenyewe, au juu kabisa Mamba, saa nane za usiku, na kwenye simu ana shilingi mia nne.

Lakini teksi siyo sehemu ngumu kuliko zote. Ngumu ilikuja baada ya upasuaji. Tumbo likawa tambarare, mtoto anakula, anacheza, hata mimi ningeapa kwamba kapona. Baba yake akaanza kupiga simu kutoka nyumbani: si kashapona huyo, unakaa Moshi unafanya nini, mahindi yanaliwa na ngedere, na hawa wengine nani anawaangalia? Simlaumu. Mbuzi walikwisha kuuzwa, na kodi ya chumba ilikuwa inakula akiba ya shamba. Ila dozi zilizobaki ndizo zinazofagia kile kisichoonekana kwa macho, na ukizikatisha, ugonjwa ukirudi huwa umekuja na meno. Madaktari wanaita kuacha matibabu. Neno hilo silipendi, maana linafanya ionekane kama mzazi aliamua tu kuacha. Wengi wameishiwa nauli.

Hapo ndipo ninapotaka kukujibu lile swali la utafiti, maana wenzako wanadhani utafiti ni hadubini na makoti meupe ya Ulaya, na mtoto wa wodini ni huruma, vitu viwili tofauti. Miaka ya karibuni hospitali za Malawi, Ghana, Kameruni, Uganda na kwingineko barani ziliungana kufanya utafiti juu ya uvimbe huu huu wa figo. Hawakuleta dawa mpya hata moja. Walikubaliana mpango mmoja wa matibabu unaoendana na hali ya huku, ambako watoto wanafika wamechelewa na wengine wana utapiamlo, wakawasaidia wazazi gharama za matibabu na nauli, wakawa wanamfuatilia kila mtoto. Walioacha matibabu njiani wakapungua karibu kwa nusu, na waliomaliza wakiwa hai bila ugonjwa wakaongezeka. Kwa hiyo nauli imepimwa kisayansi, mwanangu, kama dawa inavyopimwa. Ukiniuliza utafiti au mtoto, nakwambia nenda mahali ambapo wanamrudisha mtoto kwenye dozi inayofuata, na wanaandika kilichompata.

Hilo la kuandika watu hulidharau. Mimi nimekuwa mweka hazina maisha yangu yote, kwenye ushirika na kanisani, na najua kitu kisichoandikwa ni sawa na hakikutokea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wa chini ya miaka 20 wapatao 400,000 wanaugua saratani. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 wanapona. Kwenye nchi nyingi zenye kipato kama chetu hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo likaweka lengo kwamba ifikapo 2030 wapone angalau 60 katika kila 100, dunia nzima. Nchi itajuaje kama imefika hapo kama kuna watoto wanazikwa kijijini bila hata kugundulika walikuwa wanaumwa nini? Karani anayekaa na daftari na kompyuta, anayepiga simu Same kuuliza "mtoto anaendeleaje, mbona Jumanne hamkuja," huyo ni mtafiti na ni mwokoaji kwa wakati mmoja. Na mshahara wake hakuna mfadhili anayetaka kupiga nao picha.

Usidhani hao wenzetu wa nchi tajiri walianza na 80. Saratani ya damu ya watoto ilikuwa hukumu ya kifo kwao pia. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini imeurudisha nyuma ugonjwa huo kwa watoto kadhaa, kwa muda tu, kisha ukarudi. Mwaka huo huo kukawa na kipindi cha redio kuhusu mtoto mgonjwa waliyemficha kwa jina la Jimmy, na wasikilizaji wakatuma vijisenti vyao mpaka vikapita dola 200,000. Watu wa kawaida, dola moja, dola mbili. Leo aina ile ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi inapona kwa watoto kama 9 katika kila 10 huko kwao. Na sehemu kubwa ya dawa zilizowafikisha hapo ni za zamani. Walichofanya ni kuzipanga upya, kulinganisha mpango huu na ule, mtoto baada ya mtoto, miaka nenda miaka rudi.

Na sisi siyo wageni katika habari hii. Kuna saratani inayovimbisha taya za watoto, ambayo daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala. Mwaka 1961 akapanda gari kuukuu la Ford na wenzake wawili, wakashuka kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, hospitali moja hadi nyingine, wakiuliza tu: huku mnaiona? Wakagundua kwamba nyanda za joto na mvua zinayo, miinuko ya baridi haina, yaani karibu inafuata njia za malaria. Sampuli zilizotumwa London zikawawezesha Anthony Epstein na wenzake kuona kirusi ndani yake mwaka 1964, kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Gari kuukuu, maswali na daftari. Ndiyo maana mtu akiniambia mchango wetu ni mdogo mno kwa utafiti, huwa namwangalia tu.

Hata yale maua ya pinki aliyopanda mama yako mbele ya baraza, asili yake Madagaska, ndiyo yaliyotoa vinkristini, dawa aliyopewa mtoto wa Same. Usimwambie mtu yeyote akachemshe majani yake, ni sumu. Nakuandikia hivi kwa sababu jirani mmoja alishakuja kuomba.

Turudi kwenye pesa zako. Hiyo picha ya WhatsApp sisemi ni ya uongo. Wazazi wanakwama kweli, na mtu akikwama hukamata chochote. Lakini namba ni ya mtu binafsi, hospitali haikutajwa, na nimeipata kutoka makundi matatu ikiwa na maelezo matatu. Uliza ni hospitali gani, kisha piga simu ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo. Wao ndio wanajua nani kakwama kwa kiasi gani, na mchango unaopitia kwao unatolewa stakabadhi. Tena yule mtoto, Mungu akipenda, atapona awe kijana wa sekondari, na picha yake akiwa uchi wa kifua, kavimba, itakuwa bado inazunguka. Wewe usiisambaze.

Kama mnataka kuchangia kwa utaratibu, kwa Dar kuna Tumaini la Maisha, wanaosaidia wodi ya watoto wenye saratani pale Muhimbili ili wazazi wasilipie matibabu. Huku kwetu KCMC ina kituo chake cha saratani tangu 2016. Zamani hizo sisi wa kaskazini, neno kansa lilimaanisha basi la Dar na hospitali ya saratani ya Ocean Road, siku nzima barabarani na mgonjwa magotini. Popote mtakapochagua, akaunti iwe ya taasisi, na kama ni shirika liwe limesajiliwa kwa Msajili wa NGO. Halafu waulizeni swali moja tu ambalo mimi nikiwa mweka hazina ningelianza nalo: mwaka jana watoto wangapi walianza matibabu, na wangapi wakayamaliza? Anayeweza kukujibu bila kusema "tutakutafuta" anazitunza pesa zako.

Wala msiwafunge mikono. Najua bosi wenu atataka mnunue kitu chenye kibao cha jina la ofisi. Mwambieni kwa heshima kwamba kitanda chenye kibao hakimsaidii mtoto ambaye hakuja kliniki. Acheni pesa itumike kwa nauli, chakula cha mama aliyelazwa na mtoto, vipimo vya damu, vocha za simu za karani. Na iwe ya kila mwezi. Milioni tatu ya siku moja inafurahisha kamati, ila dozi zinakuja kila wiki, na mtu wa ustawi akijua kuna kiasi fulani kitaingia tarehe fulani, anaweza kumwahidi mama kwamba nauli ya Jumanne ipo.

Jambo jingine lisilotaka hata senti. Dawa zile zinashusha na damu pia, hivyo watoto wanaongezewa mara kwa mara. Una kilo zaidi ya 50, una afya, nenda kituo cha damu salama ukachangie. Nyie wanawake wanaruhusu kila baada ya miezi minne. Mimi umri umenitupa mkono, ila kaka yako namkumbusha.

Mtoto wa Same alimaliza dozi zake. Anarudi kliniki kupimwa tu, na safari ya mwisho mama yake alituletea mfuko wa tangawizi mzito mpaka nikamwonea huruma kuubeba.

Umeniuliza pia utaitoa wapi hiyo elfu thelathini wakati harusi ya Kelvin iko mbele yenu na kadi umeshaandika ahadi ya laki tatu. Nimekaa na kamati za harusi za Moshi hii miaka mingi, najua laki ya tatu huwa inaishia kwenye mapambo na MC. Toa laki mbili. Baba yake Kelvin nitaongea naye mwenyewe Jumapili baada ya ibada.

Baba yako