Maswali na Majibu: Zinagusana, au Zimekaribiana Tu?

Tangu niandike hapa jinsi mnyororo wa protini unavyojikunja, barua zimekuja nyingi kutoka Malindi, Lamu na hata Faza, na karibu zote zauliza jambo moja: asidi amino ipi inagusa ipi, na tutajuaje? Kwa aliyeingia leo, protini ni mnyororo wa asidi amino za aina 20. Mnyororo ukijikunja, asidi amino ya 10 yaweza kujikuta ubavuni mwa ya 150, na kazi ya protini hutegemea sana ujirani wa namna hiyo.

Shikamoo Mwalimu. Programu yangu inasema asidi amino mbili zinagusana, ilhali umbali wake ni angstromu 7.6. Mwenzangu ametumia kipimo cha 4.5 akapata orodha nyingine kabisa. Nani yuko sawa? (Mwanafunzi wa chuo, Malindi)

Marahaba. Nyote mko sawa, ila hamkupima kitu kimoja. Wewe umepima kutoka kaboni ya beta ya asidi amino moja hadi kaboni ya beta ya nyingine, na hapo mpaka uliozoeleka ni angstromu 8. Mwenzako ametafuta atomu mbili zilizo karibu zaidi, zozote zile isipokuwa hidrojeni, na hapo watu hutumia 4.5 au 5. Angstromu moja ni sehemu ya kumi ya nanomita, kwa hiyo tofauti yenu ni ndogo mno kwa macho, lakini kwa atomu ni kubwa.

Kinachonikera mimi ni kipimo cha tatu, kile cha kaboni ya alfa, ambacho wengi hukichagua kwa kuwa ni chepesi kukokotoa. Kaboni ya alfa iko kwenye uti wa mnyororo, nayo haikwambii tawi la asidi amino, ile sehemu inayochomoza nje ya uti, limeelekea wapi. Nyumba mbili za Mkomani, mtaa wa Lamu, zaweza kuegemeana ukuta na wenyewe wasionane wiki nzima, kwa kuwa mlango wa hii unatokea kichochoro hiki na wa ile unatokea kingine. Kaboni ya beta ni atomu ya kwanza ya tawi, basi angalau inakuonyesha mlango uko upande gani. Glisini haina tawi la kaboni. Kwake tu ndipo utakapotumia alfa.

Ukishapata orodha, waondoe kwanza majirani wa mnyororo. Namba 41 na 42 zimefungwa pamoja, kukaribiana kwao si habari. Katika mashindano ya CASP ya kutabiri miundo ya protini, mgusano wa mbali huhesabiwa pale tu asidi amino mbili zinapotenganishwa na nafasi 24 au zaidi kwenye mnyororo. Kisha tazama muundo wako ulipimwa kwa uangavu gani, yaani picha yake inaonyesha undani kiasi gani; namba ikiwa ndogo, picha ni kali zaidi. Wa angstromu 2 unaweza kubishana nao kuhusu kiungo cha hidrojeni, kivutano dhaifu kinachopitia hidrojeni, ambacho kwa kawaida hakizidi angstromu 3.5 kati ya atomu mbili nzito (zisizo hidrojeni). Ukiwa na uangavu wa 3.5, matawi mengi yamewekwa kwa kukisia, na kuandika "4.47" kwenye jedwali ni kujidanganya. Na kipimo ulichokitumia kiandike kwenye ripoti. Orodha ya migusano isiyotaja kipimo mimi huirudisha bila kuisoma.

Nimepewa ramani ya migusano, mraba wenye nukta nyingi. Naisomaje? (Mwalimu wa sekondari, Mokowe)

Namba za asidi amino zimepangwa chini na ubavuni, na kila nukta ni jozi inayogusana. Nusu moja ni kivuli cha nyingine, soma moja tu. Mstari mnene unaoshikamana na ulalo wa katikati ni heliksi ya alfa, yaani sehemu iliyojizungusha kama springi, kwa sababu humo kila asidi amino hukutana na ya nne mbele yake. Mistari inayokwenda sambamba na ulalo ni nyuzi mbili za beta (vipande vya mnyororo vilivyonyooka) zinazoelekea upande mmoja; inayoelekea kuukata ulalo kama msalaba ni nyuzi zinazoelekea pande zinazopingana. Nukta za mbali na ulalo ndizo za kukaa nazo, maana ndizo zinazoeleza protini imejikunjaje.

Mwanangu ana selimundu. Daktari alituambia tatizo ni kitu kimoja tu kilichobadilika kwenye damu. Kitu kimoja kinawezaje kuleta mateso yote haya? (Mama, Malindi)

Pole sana, dadangu. Daktari amekwambia kweli, na swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii.

Hemoglobini, inayobeba oksijeni, ina minyororo minne: miwili iitwayo alfa na miwili iitwayo beta (majina tu, si zile kaboni). Katika selimundu, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, palipokuwa na asidi amino iitwayo glutamati, pana nyingine iitwayo valini. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1956 na 1957, kwamba tofauti ni hiyo moja. Glutamati ina chaji hasi na inapenda maji. Valini inayakwepa. Tena nafasi hiyo iko nje, juu ya uso wa protini, mahali ambapo kitu kinachokwepa maji hakina pa kujificha.

Hemoglobini ikishaachia oksijeni, umbo lake hubadilika kidogo, na kwenye hemoglobini ya jirani panapatikana kishimo kilichozungukwa na asidi amino mbili za mnyororo wa beta, fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Valini huingia humo. Mgusano huo haupo kwenye hemoglobini ya kawaida, na tatizo ni kwamba haukomi kwa hemoglobini mbili: ya pili inaishika ya tatu, hadi zinakuwa nyuzi ndefu zenye nyuzi 14 ndani yake, na chembe nyekundu inalazimika kupinda kama mundu. Muundo uliohifadhiwa kwa jina 2HBS katika PDB, hifadhi ya miundo ya protini, wa mwaka 1997, unauonyesha mgusano huu kwa uangavu wa angstromu 2.05.

Sasa tazama nafasi ya 87, katikati ya zile mbili. Mnyororo wa beta una threonini hapo. Hemoglobini ya mtoto wa tumboni ina mnyororo wa gama badala ya beta, nao hapo una glutamini, ambayo inavuruga ule mgusano. Ndiyo maana watoto wengi wenye selimundu hawaonyeshi dalili miezi ya mwanzo, na ndiyo sababu kubwa dawa ya haidroksiyurea husaidia: inaurudisha mwili kutengeneza hemoglobini ya kitoto. Marekani iliidhinisha Desemba 2023 tiba ya jeni inayompa mgonjwa mnyororo wa beta uliobadilishwa nafasi hiyohiyo ya 87. Tiba hiyo ni ghali mno, sitaki kukupa tamaa ya bure. Haidroksiyurea ndiyo ya kuuliza kliniki.

(Kwa wanafunzi: kwenye baadhi ya hifadhi ile nafasi ya 6 imeandikwa 7, kwa sababu asidi amino ya kuanzia, methionini, imehesabiwa. Hakikisheni kabla ya kupima.)

Mwalimu, nikipiga nywele pasi hapa Lamu, nikifika tu gatini zimesharudi kujikunja. Za dawa hazirudi. Kwa nini? (Msusi, Langoni)

Bi msusi, nywele ni protini iitwayo keratini, na keratini inashikiliwa kwa migusano ya nguvu mbalimbali. Pasi inakausha na kupanga upya viungo vya hidrojeni, ambavyo ni dhaifu na maji huviachanisha. Hewa ya bahari imejaa unyevu, kazi yako inafutwa njiani. Dawa kali ya alkali inavamia kiungo kingine, kile cha salfa kwa salfa baina ya asidi amino mbili za sisteini, chenye urefu wa angstromu 2.05 hivi, na kukivunja kabisa. Hicho maji hayakirudishi, hadi nywele mpya ziote. Alkali hiyohiyo huunguza ngozi ya kichwa, wewe unajua kuliko mimi.

Samaki akitiwa ndimu huwa mweupe kana kwamba amepikwa. Amepikwa? (Msomaji, Shela)

Hajapikwa. Asidi ya ndimu inawapa glutamati na aspatati hidrojeni, zinapoteza chaji yake hasi, na vile vivutano vyao na lisini na arjinini, zenye chaji chanya, vinaachia. Protini inafunguka, inashikana ovyo na wenzake, nyama inakuwa nyeupe. Vijidudu vingi havijali. Mtie motoni.

Siku hizi AlphaFold inatoa muundo wowote. Kuna haja gani ya kuchambua migusano? (Mwanafunzi wa uzamili, Malindi)

AlphaFold, programu ya kompyuta inayotabiri muundo wa protini, ni kazi kubwa. Demis Hassabis na John Jumper walipata nusu ya Nobeli ya kemia ya 2024 kwa ajili yake, nusu nyingine ikaenda kwa David Baker, na hifadhi yake ina miundo zaidi ya milioni 200. Lakini kila sehemu ya muundo huo imepewa alama ya uhakika, hadi 100. Palipo chini ya 50 usihesabu mgusano wowote. Mara nyingi pale mnyororo umechorwa ukielea tu. Halafu mpe mnyororo wa beta wenye ile valini ya 6: atakurudishia umbo karibu lilelile, wala hatakwambia kuna ugonjwa. Mgusano unaoumiza uko baina ya hemoglobini mbili, na wewe umempa mnyororo mmoja tu.

Sina kompyuta, nina simu tu. Naweza kuanza? (Kijana, Faza)

Waweza. Tovuti ya hifadhi ya PDB ina kionyeshi kiitwacho Mol*, kinafunguka ndani ya kivinjari bila kupakua programu, na bando lako litatosha. Tafuta 2HBS, fungua muundo, kisha gusa valini ya 6 kwenye mnyororo mmojammoja wa beta. Majirani zake watajitokeza. Si kila valini ya 6 itakuwa na fenilalanini ya 85 jirani yake. Niandikie ni zipi zinazo.