Motohomu ya petroli au ya dizeli? Anza na uzito

Tusichanganyane kwanza: motohomu ni gari lenye nyumba ndani yake, na kwenye matangazo ya Marekani, "gas" ni petroli. Gesi ya mtungi nayo imo ndani ya motohomu, ila hiyo ni ya jiko na maji ya moto.

Wengi huuliza ipi inakula mafuta kidogo. Kwa anayesafiri wiki chache za kiangazi, swali hilo halina faida. Bei ya motohomu kubwa ya dizeli huizidi ya motohomu ya petroli kwa makumi ya maelfu ya dola, na mafuta utakayookoa hayatairudisha hela hiyo. Jiulize itabeba nini, itavuta nini, na itasimama miezi mingapi bila kuwashwa.

Motohomu kubwa nyingi za petroli za Marekani zimejengwa juu ya chasisi ya Ford F-53: zamani na injini ya V10 (silinda kumi) ya lita 6.8, siku hizi V8 (silinda nane) ya lita 7.3. Injini iko mbele, katikati ya dereva na abiria, kwa hiyo mlimani hamsikilizani. Isitoshe, injini isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kila mita 300 unazopanda. Ukifika handaki la Eisenhower, magharibi ya Denver, kwenye kimo cha mita 3,400 hivi, karibu theluthi imekwenda. Utavuka, lakini nyuma ya malori. Dizeli yenye tabo haitikisiki hivyo, na kwenye mteremko breki ya eksozi, inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo, inalishika gari bila kuchemsha breki za magurudumu. Ukivuta gari jingine nyuma kila safari, nunua dizeli.

Ukikagua V10, hakikisha injini imelala baridi usiku kucha. Ukisikia tik-tik inayopotea ikishapata moto, yaelekea stadi (bolti) zinazoshika manifoldi ya eksozi, bomba la kutolea moshi kwenye injini, zimekatika, na kuvitoa vipande vilivyobaki kwenye silinda hedi ni kazi ya fundi mvumilivu. Muuzaji akikupokea injini tayari ina moto, rudi siku nyingine.

Dizeli ya injini nyuma ina ugonjwa wake. Bomba la kupumulia la injini hutoa mvuke wa oili, feni inaupeleka kwenye radieta iliyo nyuma, vumbi linanatia hapo. Kwa nje radieta inang'aa. Fungua mfuniko wa injini chumbani, mara nyingi uko chini ya kitanda, umulike kwa tochi upande unaotazama injini. Ukikuta utando mweusi kama lami, jua itachemka mlimani.

Dizeli za 2010 na kuendelea zinahitaji pia maji ya urea, yanayosafisha moshi wa eksozi. Joto huyaharibu, na sensa ya tangi lake ikifa, kompyuta inaweza kulifanya gari litambae ingawa injini ni nzima. Sevisi nayo ni nzito: injini ya dizeli ya Cummins ya lita 6.7 inameza oili lita 14 hivi, V8 ya Ford kama 7.5. Safari fupifupi nazo huziba chujio la masizi la eksozi ya dizeli.

Petroli nayo ina ugonjwa wake: haipendi kusimama. Inachacha ndani ya miezi michache, na wa kwanza kuumia ni kabureta ya jenereta. Washa jenereta kila mwezi kwa saa mbili hivi, kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Bila mzigo wa umeme haisaidii. Siku ya kununua, iache izunguke hivyo dakika 20. Mlio ukipanda na kushuka wenyewe, yaelekea kabureta imeziba: omba bei ipunguzwe.